Maji Yanayolala

Katika maisha yangu nimeiba maji mara mbili. Mara ya kwanza niliiba kwa jiwe, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mara ya pili niliiba kwa miti, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, na sikujua kwamba ninaiba. Nimeona niyaandike yote mawili kwa sababu vijana wengi wa kwetu wanarudi siku hizi na fedha kidogo na mawazo mengi, kama nilivyorudi mimi, na wazee ambao wangewashika mkono wanazidi kupungua.

Kwetu ni Upare Kusini, wilaya ya Same, upande wa milima unaotazama reli na barabara kuu ya Moshi. Msafiri anayepita Makanya huiona milima yetu kama ukuta mkavu: mawe, migunga, minyaa, vumbi jeupe la jasi. Hakuna kinachomwambia kwamba nyuma ya ukuta ule kuna migomba, kahawa, baridi na misitu inayokaa ndani ya ukungu. Mimi mwenyewe sikujua. Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge mkoani Tanga, na nilifika Upare mwaka 1987, nikiwa na miaka tisa, baba alipoachishwa kazi. Tulishuka kwenye treni alfajiri, mama akambeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikabeba sufuria, tukaanza kupanda. Ilikuwa karibu saa sita za mchana nilipokanyaga nyasi mbichi kwa mara ya kwanza siku ile.

Bibi alitupokea kwa makande. Watu wa mjini wanadhani wanayajua makande. Ya bibi yalikaa juu ya mafiga usiku kucha, moto mdogo wa gogo moja tu, mpaka punje za mahindi zikapasuka na maharage yakayeyuka yakawa mchuzi. Nilikula bila kusema neno. Jioni babu akaniuliza kama ninaogopa giza. Nikasema siogopi, na haikuwa kweli. Akachukua blanketi na ufito mrefu, akaniambia, "Basi twende ukaone maji yanavyolala."

Hivyo ndivyo nilivyoijua ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo linalojengwa kwa mawe na udongo kwenye mteremko, chini ya kijito. Asiyeielewa huona dimbwi tu. Lakini vijito vya upande wetu ni vyembamba. Ukivielekeza shambani moja kwa moja, maji yananywewa na mfongo wenyewe, yaani mfereji, kabla hayajafika shamba la tatu. Kwa hiyo wazee waliyaacha maji yaingie ndani ya ndiva usiku, mdomo wa ndiva ukiwa umezibwa, yajikusanye polepole mpaka asubuhi. Kizibo kikitolewa alfajiri, maji hutoka na nguvu, hukimbia ndani ya mfongo kilomita na kilomita, yakafika hata kwa mtu wa mwisho kabisa kule chini kwenye joto. Yakiisha, kizibo kinarudishwa, na kijito kinaanza kujaza upya. Hakuna pampu wala mafuta. Kinachofanya kazi ni mlima na usiku.

Babu alikuwa mmoja wa walinzi wa kizibo. Kilikuwa gogo lililozungushiwa majani ya mgomba na kukandikwa udongo, na lilihitaji kuangaliwa, kwa sababu likianza kuvuja saa nne za usiku, alfajiri mtu anakuta tope. Tulilala kando ya ukuta wa mawe. Kila mara babu aliuzamisha ufito ndani ya maji, akaupapasa kwa kidole kuona umelowa hadi wapi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Imefika kwa mwalimu." Baadaye: "Imefika kwa mjane." Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa hapimi kwa futi. Alipima kwa majina. Kina fulani cha maji kilitosha kulifikia shamba la mwalimu. Vidole vinne zaidi, la mjane. Na ufito mzima ukilowa, maji yangemfikia mzee wa chini, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kwenye mfongo. Tangu usiku ule, nikiona maji yametulia mahali, huwa najiuliza ni ya nani.

Zamu ilipangwa na wazee, na kila nyumba iliijua siku yake kama inavyojua jina lake. Ndiva nyingi zilichimbwa na koo, na ukoo uliochimba ulikuwa na sauti ya kwanza, lakini hata sisi tuliotoka ukoo huo tulingoja. Nyumba nyingi kijijini kwetu ni za Wasabato, kwa kuwa Usabato uliingia Upare mapema, mwaka 1903, basi zamu za Jumamosi walipewa wasiosali siku hiyo. Jambo hilo halikuandikwa popote. Na mara moja au mbili kwa mwaka baragumu lilipigwa, watu wakatoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope ndani ya ndiva na kuzibua mifongo. Asiyetokea alitozwa faini. Aliyetozwa akagoma, siku ya zamu yake aliona maji yakipita.

Sasa nieleze lile jiwe.

Ulikuwa msimu wa vuli uliokuwa mbaya. Maharage ya bibi yalikuwa yametoa maua na yalianza kukunja majani. Zamu yetu ilikuwa imebakiza siku tano. Babu aliumwa mgongo, akanituma ndivani na binamu yangu, na binamu akasinzia. Alfajiri kizibo kilipotolewa kwa ajili ya mzee wa chini, nilikimbia mbele ya maji mpaka njia panda ya mfongo, nikaweka jiwe moja bapa. Nikajiambia ni kwa muda mfupi tu. Maji yakageuka, yakaingia kwenye maharage ya bibi. Nakumbuka furaha yangu, na nakumbuka udongo ulivyotoa sauti kama mtu anayekunywa.

Yule mzee wa chini hakupandisha akipiga kelele. Alifika mchana, akamwamkia babu, akakaa juu ya jiwe nje ya nyumba yetu, akasema: "Nimengoja tangu asubuhi, maji hayakunifikia. Nimekuja kuuliza kama mko wazima." Babu aliniangalia mara moja tu.

Shauri lilisikilizwa siku ya pili chini ya mti. Nilidhani nitachapwa. Sikuchapwa. Wazee walizungumza tangu saa tatu hadi jua lilipoinama, kila mmoja akapewa nafasi, hata mimi, na aliyehukumiwa alikuwa babu, kwa sababu zamu ya kulinda ilikuwa yake. Alitoa mtungi wa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, ingawa nyumbani kwake pombe haikuwa inaingia na ilibidi ainunue, na akampa yule mzee zamu yetu iliyokuwa inakuja. Maharage ya bibi yalikauka baada ya wiki mbili, yote, pamoja na yale niliyoyanywesha. Babu hakunigombeza hata siku moja. Jioni ile aliniambia tu, "Kesho unaenda kwake kupalilia," nikaenda siku sita.

Nchini mwetu Wapare tunasemwa sana kwa kupenda mashauri. Wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nimelisikia hilo tangu shule, na kwa miaka mingi lilinikera. Sasa nadhani ninajua linatoka wapi. Watu wanaoishi kwa kugawana kijito kimoja chembamba hawawezi kuacha jambo dogo lipite, kwa sababu kwenye mfongo hakuna jambo dogo. Jiwe la mtoto linaua shamba la mtu aliye kilomita mbili chini. Lazima pawe na mahali pa kusemea, na muda wa kusemea, na kila mtu asikilizwe mpaka mwisho. Babu alikuwa kijana wakati wa mbiru, ile kodi ya miaka ya 1940 ambayo Wapare waliikataa, wakateremka milimani kwa maelfu mwaka 1945, wakaenda kukaa kwa makundi makundi pale Same kwenye makao ya serikali ya mkoloni, mpaka mwaka 1947 kodi ikafutwa. Wanawake nao waliingia. Babu alilisimulia lile kwa utulivu, kama mtu anayesimulia kikao cha ndiva kilichochukua muda mrefu kidogo.

Juu ya chemchemi yetu palikuwa na mpungi, msitu mdogo mtakatifu wa ukoo. Haukuwa mkubwa, labda kama uwanja mmoja wa mpira, lakini ulikuwa na giza mchana kweupe: mikuyu mikubwa, mitambaazi minene kama mapaja, na mbega waliokuwa wakiruka na mikia yao meupe. Zamani mafuvu ya wazee wa ukoo yalihifadhiwa humo, na wazee waliingia kuomba mvua na kupatanisha watu. Hakuna aliyekata mti. Hata tawi kavu lililoanguka liliachwa lioze. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, hakuamini kwamba mafuvu yanaleta mvua, lakini katika maisha yake yote hakuokota ukuni mle. Nilipomuuliza kwa nini, alinionyesha chini, pale chemchemi ilipotokea kwenye mizizi ya mkuyu wa mwisho, akaendelea kuchota.

Niliondoka mlimani kwa ajili ya shule, kisha kazi. Nilirudi mwaka 2004 nikiwa na akiba yangu ya kwanza. Babu alikuwa ameshafariki. Wazee wengi wa ile kamati ya chini ya mti walikuwa wameshafariki pia. Baba alinipa kipande cha ardhi kando ya mpungi, juu kidogo ya chemchemi, ambacho zamani kilikuwa kichaka cha miti ya asili na ambacho kilikuwa kimeanza kukatwa kidogo kidogo, na mimi nikaleta mikaratusi, miche mia mbili. Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Mkaratusi unakua haraka, hauliwi na mbuzi, miaka minane unauza nguzo, kuni hazikosekani. Tena niliamini kabisa kwamba ninahifadhi mazingira, maana ninapanda miti, na nani amewahi kulaumiwa kwa kupanda miti?

Bibi alikuwa bado hai. Alikuja na fimbo yake, akatazama mashimo, akasema: "Mjukuu wangu, hapo maji yanalala."

Nilimwelewa vibaya. Nilidhani anasema pana unyevu, nikamjibu kwa heshima kwamba ndiyo maana nimepachagua, miti itakua vizuri. Hakurudia. Wazee wetu wana tabia hiyo, husema neno mara moja tu, na kazi ya kulifikiria inabaki kwako.

Miti ilikua kwelikweli. Mwaka wa pili ilinizidi kimo. Ukame wa 2005 na 2006 ulipokuja, chemchemi ilipungua, na kila mtu alisema ni jua, maana nchi nzima ilikuwa inalia. Mvua zikarudi. Chemchemi haikurudi. Mwaka 2009, uliokuwa mkavu tena, nilikwenda likizo nikamfuata mpwa wangu kisimani. Ndoo ya lita ishirini, ambayo mimi nilikuwa naijaza wakati nanawa miguu, yeye aliiweka chini ya mlizamu akakaa juu ya jiwe, akatoa daftari la shule akaanza kufanya hesabu. Alimaliza ukurasa. Akageuza ukurasa. Ndoo ilikuwa bado.

Nilipanda kuangalia ndiva. Maji yalifika nusu ya ukuta. Nikakumbuka ufito wa babu, na nikaanza kuyataja majina: imefika kwa mwalimu, imefika kwa mjane. Iliishia hapo. Kwa nyumba zote za chini, pamoja na watoto wa yule mzee aliyekaa juu ya jiwe nje ya nyumba yetu, maji hayakuwa yakifika tena isipokuwa msimu wa mvua. Walikuwa wameacha kulima mahindi ya vuli. Wawili walikuwa wamehamia bondeni kutafuta vibarua kwenye mkonge. Hakuna aliyenishtaki, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika, na kwa sababu nilikuwa mtu wa mjini niliyekuwa nachangia harusi na misiba.

Sisemi kwamba mikaratusi yangu peke yake ndiyo iliyokausha. Mvua zilikuwa mbovu, na kule juu msitu ulikuwa umeingiliwa. Lakini miti mia mbili yenye kiu, imesimama juu ya jicho la maji, haikosi kunywa. Baadaye nilikuja kujua pia kwamba sheria ya mazingira ya mwaka ule ule wa 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Miche yangu ya karibu ilikuwa hatua kumi tu. Sheria na bibi walikuwa wamesema jambo moja katika mwaka mmoja, na mimi sikuwa nimemsikia hata mmoja.

Niliomba kikao mwenyewe. Nilisema yote, nikaanza na jiwe la utotoni ili wanijue. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee aliyekuwa kijana mdogo wakati wa shauri lile la kwanza, hakunitoza faini siku ile. Aliniambia nivae viatu vizuri, kesho yake twende Shengena.

Shengena ndicho kilele cha Upare, zaidi ya mita 2,400, katikati ya msitu wa Chome. Tulitembea siku nzima. Nilikuwa sijawahi kufika, na nina aibu kulisema hilo, kwa sababu maji niliyokunywa utoto wangu wote yalitoka upande ule. Mvua haikuwa inanyesha, lakini tulilowa. Ukungu ulikuwa unapita kwenye miti, na kila tawi lilikuwa limevaa kuvumwani na ndevu za kijani, na ndevu zilikuwa zinadondosha maji, tone, tone, tone, msitu mzima, mchana kutwa. Ardhi ilibonyea kama godoro. Mzee aliokota konzi ya majani yaliyooza, akaikamua kama mtu anayekamua nguo, maji yakatiririka kwenye kiwiko chake. Hakueleza chochote. Alinipa na mimi nikamue.

Kisha akanionyesha mashimo ya wapasua mbao. Mkulo ni mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, mbao zake zinapendwa sana, na kwa miaka mingi watu waliingia usiku kuuangusha. Palipoangushwa mikulo, jua lilikuwa limeingia, kuvumwani kumekauka, na matone yalikuwa hayapo. Tulisimama kwenye mpaka huo, mguu mmoja kwenye tope na mwingine kwenye vumbi. Ndege wadogo wenye duara jeupe kuzunguka jicho walikuwa wanalia kwenye vichaka upande wenye ukungu. Wataalamu wanasema ndege hao wanapatikana Upare Kusini tu, duniani kote hapana pengine. Mzee hakulijua hilo, na nilipomwambia alivua kofia, akawatazama kwa muda.

Njiani kurudi ndipo nilipolielewa neno la bibi. Maji hayaanzi kulala ndivani. Yanalala kwanza Shengena, kwenye kuvumwani. Yanashuka ndani kwa ndani, yanalala tena chini ya mpungi. Yanatoka, yanalala ndivani. Ndipo yanaamka kwenda kwa mtu. Mimi nilikuwa nimevunja kitanda kimoja katikati.

Mikaratusi niliikata mwaka 2011. Kukata ndiko rahisi. Kisiki cha mkaratusi kinachipua, ukigeuka mwezi mmoja unakuta vichipukizi kumi. Ilibidi nibandue maganda ya kila kisiki mpaka chini ya udongo, nikifunike, nirudi baada ya miezi mitatu kuvunja vilivyochipua, kwa misimu minne. Fedha ya nguzo niliipata kidogo, nikainunulia saruji ya kurekebisha ukuta wa ndiva, kama kamati ilivyoamua. Mahali pale tulipanda mikuyu kwa vipande vya matawi kutoka mle mpungini, kwa ruhusa ya wazee, kisha tukapaacha. Kupaacha kulinishinda kuliko kukata. Mara kwa mara mkono uliniwasha nifyeke, nisafishe, nionekane ninafanya kitu.

Chemchemi ilichukua muda. Miaka mitatu sikuona tofauti. Bibi alifariki mwaka 2014, na siku za matanga nilimwona mpwa wangu akirudi kisimani na ndoo mbili mapema kuliko nilivyotarajia, lakini sikutaka kujipa moyo. Mwaka 2018, mwaka wa mvua nyingi, nililala ndivani na binti yangu mkubwa. Kizibo siku hizi ni bomba lenye koki, mgawa maji ana daftari, na kamati inafuata utaratibu wa vibali vya maji ulioletwa na sheria ya 2009. Mambo hayo ni mazuri, nayaunga mkono. Daftari linamlinda mjane aliyeolewa kutoka mbali ambaye hakumbukwi na wazee. Lakini daftari haliandiki kina. Nilikata ufito, nikamfundisha binti yangu kuuzamisha na kuupapasa, nikamtajia majina, mengine yakiwa ya watoto wa wale wa zamani. Saa tisa usiku aliniamsha. "Baba, imepita kwa mjane."

Alfajiri tulifuatana na maji kwenye mfongo mpaka njia panda ile. Jiwe langu halikuwepo, lakini mahali palikuwa pale pale. Tulishuka nayo. Yalifika shamba la pili kutoka mwisho, yakaishia kwenye matuta ya mtu ambaye alisimama na jembe lake akitutazama, kisha akainama kufungua njia. Shamba la mwisho bado halijafikiwa wakati wa kiangazi. Mjukuu wa yule mzee analima mtama pale, na amesema atarudi kwenye mahindi siku atakapoyaona maji mara tatu mfululizo.

Msaragambo wa kuzoa tope ni mwezi wa kumi, kabla ya vuli. Tope ni jingi mwaka huu. Nimenunua chepeo mbili, na nimewaandikia binamu zangu walioko Dar es Salaam na Arusha kwamba kutuma fedha ya kibarua hakuhesabiwi. Watatu wamejibu kwamba watakuja.